Mama ana sukari, presha na figo zimeanza kushuka, dawa aina 11 kutoka sehemu tatu. Nani anatakiwa kuziangalia zote kwa pamoja?

Binti wa Upareni:

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu hasa mlioko kwenye afya na nyie mnaouguza wazazi. Mama yangu ana miaka 71, yuko Same. Sukari aligundulika 2009, presha ilikuwepo kabla ya hapo. Kliniki ya sukari anaenda hospitali ya wilaya miaka yote, ila presha kuna kipindi alizidiwa shangazi akampeleka hospitali binafsi Moshi basi faili la presha likabaki huko huko, na magoti yanayomsumbua ananunua dawa mwenyewe duka la dawa pale stendi. Kwahiyo ni sehemu tatu na kila sehemu inamjua kwa kipande chake tu.

Sasa niko nyumbani likizo nikamwambia mama niletee dawa zako zote nizione, akaleta kikapu. Naandika majina kama yalivyo kwenye maboksi: metformin 1000 asubuhi na jioni, glibenclamide 5 asubuhi na jioni, enalapril 10, losartan H, amlodipine 10, Lasix 40, aspirini ile ndogo ya 75, atorvastatin usiku, omeprazole (hii kaanza zamani kwa vidonda vya tumbo na hakuna aliyemwambia aache), amitriptyline usiku sababu nyayo zinawaka moto, na diclofenac mara mbili kwa siku kwa ajili ya magoti. Juu ya hapo kuna unga wa mlonge anaweka kwenye uji.

Kinachonitisha ni hivi. Alfajiri naamka nakuta kalowa jasho anaongea vitu havieleweki, nikampima sukari ikasoma 3.4. Miguu imevimba kuanzia kwenye vifundo. Usiku anaamka kukojoa mara nyingi na majuzi alianguka akielekea chooni, bahati hakuvunjika. Na kwenye daftari lake nimekuta karatasi ya maabara kreatinini 148, hakuna mtu aliyemweleza maana yake.

Kaka mkubwa anasema dawa za daktari haziguswi, kaandika anajua alichoandika. Mdogo wetu anasema zote ni sumu, tumwachishe tumpe mlonge na kitunguu saumu. Mimi niko katikati. Nauliza, hivi ni nani hasa kazi yake kuziangalia hizi dawa zote kwa pamoja? Na kuna yoyote naweza kumpunguzia mwenyewe?

mama_Kiluvya:

Pole sana mwanangu. Mimi nimemuuguza mama mkwe mpaka Mungu alipomchukua, sukari, presha na moyo, kwahiyo unachokisema nakijua. Swali lako la nani anaziangalia zote, ukweli ni kwamba ukimwacha kila mtu na kipande chake hakuna anayeziangalia. Sio kwamba madaktari ni wabaya, wa sukari anaona kadi ya sukari, wa presha anaona faili la presha, na muuza duka haoni chochote anaambiwa tu nipe ile ya magoti. Chukua kikapu chote kama kilivyo, na mlonge wake, na zile pakiti alizomaliza, na daftari, umpeleke kwa daktari mmoja. Usiende na majina ya kukariri, nenda na dawa zenyewe mezani.

Dispensa:

Niko famasi mwaka wa 12 huu, nimesoma list yako nimesimama kwanza. Dada ngoja niende taratibu maana hapa kuna mambo kadhaa yamefungana, na hakuna daktari hata mmoja aliyefanya kitu cha ajabu, kila mmoja kwa upande wake kaandika dawa inayoeleweka. Shida iko kwenye kukutana kwake.

Cha kwanza glibenclamide. Hii ni ya sukari, na ndiyo inayomshusha sukari kupita kiasi mpaka anaamka na jasho alfajiri. Ni dawa inayolazimisha kongosho litoe insulini iwe kala au hajala, inakaa mwilini muda mrefu, na figo zikishuka mabaki yake yanazidi kukaa. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu lilishaweka angalizo kwamba glibenclamide haifai kwa aliyevuka miaka 60. Ila ni ya bei rahisi na ipo kila mahali, mgonjwa aliyeanzishwa akiwa na miaka 50 na kitu anaendelea nayo tu, hakuna anayekumbuka kwamba umri umeenda.

Cha pili metformin. Kreatinini ni taka inayojaa kwenye damu figo zikichuja kidogo. Hiyo 148 ukiiweka kwenye hesabu na umri wake, na kwa kuwa ni mwanamke, ile namba ya uchujaji wa figo inayoandikwa eGFR inakuja kama 32 hivi. Hiyo namba ikishuka chini ya 45 dozi ya metformin inapunguzwa, kawaida isizidi 1000 kwa siku nzima, ikifika chini ya 30 metformin inaachwa kabisa. Mama yuko kwenye 2000. Haina maana kaumia tayari, ina maana dozi ile ilikuwa sawa kipindi figo zilikuwa sawa.

Cha tatu enalapril na losartan kwa pamoja. Hizi ni dawa za presha zinazofanya kazi njia moja, inaonekana moja kaandikiwa wilayani nyingine Moshi. Ulifanyika utafiti mkubwa ukatoka 2008 wakiwapa wagonjwa dawa mbili za aina hiyo pamoja, faida ya ziada kwa moyo haikuonekana, yaliyoongezeka ni matatizo ya figo na presha kushuka mno. Na zote zinapandisha potasiamu kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Halafu angalia ile H kwenye losartan H, sio pambo, ni dawa ya kukojoa imo ndani ya kidonge, inaitwa hydrochlorothiazide. Ukijumlisha na Lasix mama anakunywa dawa mbili za kukojoa bila kujua.

Cha nne ndo kinachoniuma kuliko vyote, diclofenac. Kwa kuwa we ni wa Upareni nitakuelezea kwa ndiva, lile bwawa la kuhifadhi maji ya kumwagilia mashamba. Figo ni shamba, damu ni maji yanayokuja kwa mfereji. Diclofenac inabana mdomo wa mfereji unaoingiza maji shambani. Enalapril na losartan zinapanua mlango wa kutokea. Lasix na ile H zinashusha maji ya ndiva yenyewe. Kila moja peke yake shamba linaweza kuvumilia, ukiziweka tatu pamoja maji ya shambani hayatoshi. Na juu ya hapo diclofenac inafanya mwili ushike chumvi na maji kwahiyo presha inapanda, daktari wa Moshi anaona presha haishuki anaongeza dawa ya presha. Na ikikaa na aspirini tumbo liko hatarini kutoa damu.

Sasa angalia miguu kuvimba. Amlodipine 10, nayo ya presha, inavimbisha vifundo vya miguu, ni madhara yake yanayojulikana kabisa, hasa kwenye dozi hiyo ya juu na hasa kwa wanawake. Lasix haisaidii sana uvimbe wa aina hiyo kwa sababu tatizo sio maji kuzidi mwilini. Ila mama anaanza kuamka usiku kukojoa, na hiyo amitriptyline inampa usingizi mzito na kizunguzungu akisimama, ndo anaanguka. Dawa inazaa dalili, dalili inaonekana ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unaandikiwa dawa. Nisisitize tu uvimbe unaweza pia kutoka kwenye moyo au figo zenyewe, kwahiyo lazima apimwe, sio mimi kuhukumu kutoka kwenye simu.

Na hiyo miguu kuwaka moto, ni kweli sukari inaharibu mishipa ya fahamu, lakini metformin ikitumika miaka mingi inashusha vitamini B12 na omeprazole ya muda mrefu nayo inashusha, na upungufu wa B12 unaleta ganzi na moto kwenye nyayo vile vile. Muulize daktari kama kipimo kinapatikana.

Kwenye swali lako la kupunguza mwenyewe, diclofenac naweza kukwambia mzuie leo leo, hiyo hakuandikiwa na daktari. Nyingine zipitie kwa daktari.

Kijana wa Sokoni:

Mi naona mnamzungusha tu dada wa watu. Dawa 11 ndo zinamuua mama, wazee wetu zamani walikula mlonge na mwarobaini wakafika miaka 90. Mwachishe zote mwezi mmoja uone.

Tabibu Wilayani:

Kijana wa Sokoni, najua unasema kwa nia njema na kwenye hoja ya dawa kuwa nyingi nakuunga mkono, ila mwezi mmoja bila dawa kwa mtu mwenye presha na sukari ya miaka mingi tunapokea kiharusi wodini. 2011 watu walimiminika Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, na kuna walioacha dawa zao za sukari na za ARV wakiamini wamepona, hali zao zikaja kuwa mbaya sana. Na kuna dawa ambazo hata daktari hazikati ghafla, anazishusha kidogo kidogo. Atenolol na propranolol, za presha na moyo, ukikata ghafla mapigo na presha vinaruka, mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Prednisolone, ambayo ni steroidi, kwa aliyeitumia wiki nyingi ni hivyo hivyo, na za kifafa pia.

Mlonge wenyewe sina ugomvi nao kama mboga. Unga mwingi kila siku juu ya dawa za sukari na presha unaweza kuongeza kushusha, kwahiyo daktari ajue upo. Ninachoogopa zaidi ni zile dawa za asili za magoti na mgongo zinazouzwa kwenye chupa hazina lebo, mtu anakunywa siku mbili anaruka kama kijana, kuna za aina hiyo zikipimwa hukutwa zimechanganywa na steroidi au dawa hizi hizi za maumivu za kwetu. Sukari ikianza kupanda bila sababu, uliza hilo.

Sasa Binti wa Upareni, nikujibu kama mtu ninayekaa kwenye kile chumba. Siku ya kliniki foleni inafika getini na mgonjwa mwenye magonjwa matano anapata muda ule ule wa mwenye moja. Akisema niko sawa, naangalia sukari, naandika endelea. Akija na binti yake, dawa zote mezani, karatasi moja imeandikwa dawa gani, nani kaandika, kwa ajili ya nini, tangu lini, na chini mambo matatu yanayomsumbua, mimi nimeokolewa nusu ya kazi.

Usianze na kusema dawa ni nyingi punguza. Anza na alfajiri sukari 3.4 na jasho, ameanguka usiku, kreatinini 148. Hayo matatu hayawezi kupuuzwa na daktari yeyote. Halafu omba apimwe presha akiwa amekaa, kisha asimame apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi hiyo ni sababu ya kuanguka na inatakiwa irekebishwe.

Binti wa Upareni:

Asanteni sana, mama_Kiluvya shikamoo. Dispensa umenifanya nilie aisee, mambo ya ndiva nimeelewa mpaka nikamsomea mama. Diclofenac nimeichukua nimeificha.

Maswali mawili. Kliniki ya sukari ni keshokutwa, leo na kesho nifanyeje na hii glibenclamide, nimpe au? Na la pili, naogopa kumpelekea daktari maelezo ya mtandaoni akaona namfundisha kazi, akamchukia mama.

Tabibu Wilayani:

La glibenclamide halisubiri keshokutwa. Mtu wa miaka 71 mwenye figo za kiwango hicho akipata 3.4 akachanganyikiwa, hiyo ni dharura, kesho asubuhi nenda naye hata kama sio siku ya kliniki, idara ya wagonjwa wa nje wapo. Dozi ya jioni ya leo usimpe. Ahakikishe anakula chakula cha usiku, mpime kabla ya kulala, halafu amka saa tisa usiku umpime tena. Ikiwa chini ya 4 na yuko macho anameza vizuri, vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, sio ile isiyo na sukari, subiri dakika 15 upime tena, ikipanda mpe chakula kinachokaa, uji au ndizi. Akiwa hajitambui usimwagie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, kimbiza hospitali. Na hata akizinduka nyumbani mpeleke bado, glibenclamide inaweza kuishusha tena baada ya masaa.

Kuhusu daktari kuchukia, usimwambie nimesoma mtandaoni glibenclamide ni mbaya. Mwambie daktari, hizi za presha nimekuta mbili, enalapril imetoka kwako, losartan imetoka Moshi, naomba unisaidie kujua abaki na ipi. Umemuuliza swali la kazi yake. Na muulize kwa mama huyu sisi tunalenga nini. Hilo ni swali kubwa kuliko linavyoonekana. Kijana wa miaka 40 nataka sukari yake ya miezi mitatu (kipimo cha HbA1c, kinasomwa kwa asilimia) iwe chini ya 7, lakini kwa mzee mwenye figo dhaifu na anayeanguka, chini ya 8 inatosha kabisa, sababu sukari ya kushuka itamuua kabla ya sukari ya kupanda. Wazee wengi tunawashindilia dawa kufukuza namba ya kijana.

Mjomba wa Bunda:

Naomba kuchomekea hapa hapa sababu jambo linafanana. Mzee wetu anahudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, miaka mingi, yuko kwenye kile kidonge kimoja cha ARV kinaitwa TLD, na sasa kaambiwa ana sukari. Kule kwenye sukari hakutaka kusema kwamba anatumia ARV, watu wa kliniki ile wanatoka mtaani kwetu. Kaandikiwa metformin 1000 mara mbili. Kuna shida?

Dispensa:

Mjomba shida ipo na vizuri umeuliza. D ya mwisho kwenye TLD ni dolutegravir, na dolutegravir inazuia metformin isitoke mwilini kwa kasi yake, kwahiyo metformin inajaa kwenye damu. Akiwa anatumia zote mbili metformin isizidi 1000 kwa siku nzima, sio 1000 mara mbili. Na figo ziangaliwe, maana T ni tenofovir na hiyo inahitaji figo zifuatiliwe. Angalizo dogo, dolutegravir inaweza kupandisha kreatinini kidogo bila figo kuharibika, kwahiyo asitishwe na namba moja, anayesoma majibu ajue kuwa yuko kwenye hiyo dawa.

Kama anatumia vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu au dawa za kiungulia zile za kutafuna, vinashika dolutegravir tumboni isifyonzwe. TLD ameze masaa mawili kabla ya hivyo vitu au masaa sita baada. Na siku akianzishwa dawa za TB waambie mapema, rifampicin inaishusha dolutegravir mpaka inabidi aongezewe dozi ya pili kila siku, na inashusha dawa nyingi za sukari na presha pia.

Ya siri naielewa kabisa, ni haki yake. Njia rahisi ni kugeuza, arudi CTC ambako kila kitu kinajulikana, awaambie nimeanzishwa metformin, kadi yake iandikwe huko na wao ndo wampangie dozi. Huko hana haja ya kuficha.

Nesi_Zamu ya Usiku:

Nimefuatilia uzi wote kimya, niongeze ya nyumbani maana daktari akimaliza kuandika kazi inahamia jikoni.

Dada, mama yako anazijua dawa kwa rangi na umbo kama wazee wengi. Siku duka likibadilisha kampuni, kidonge cheupe cha mviringo kinakuja cha pinki kirefu, anadhani ni dawa mpya anakunywa na ya zamani pia. Nimeona wazee wanameza amlodipine mbili hivi, kwenye boksi majina makubwa ya kampuni ni tofauti na jina la dawa limeandikwa kwa herufi ndogo chini. Kwahiyo anayemsomea asome yale maandishi madogo. Boksi za zamani zitoke ndani ya nyumba, sio zisogezwe kwenye kabati, zitoke, rudisha famasi.

Tengeneza karatasi moja kubwa ya ukutani. Asubuhi, mchana, usiku, na mbele ya kila dawa uandike kazi yake kwa maneno ya mama mwenyewe, hii ya sukari, hii ya presha. Piga picha itume kwenye group la familia ili hata kaka zako wawe na kitu kimoja cha kuongelea badala ya kila mtu kumpigia mama na maelekezo yake. Vile vibox vya siku saba vinauzwa famasi, ukikosa tumia bahasha, andika siku juu, mjukuu anaweza kupanga kila Jumapili.

Kuna jambo huku tunaliona kila msimu wa kuharisha. Mzee mwenye dawa hizi akiharisha au akitapika hawezi kunywa maji, metformin, losartan na dawa za kukojoa zinasimamishwa kwa muda mpaka aanze kula na kunywa vizuri, la sivyo figo zinaweza kuporomoka haraka. Muombeni daktari awaandikie hilo kabisa kwenye daftari, ikitokea usiku msianze kubishana. Na kama mama ni wa kufunga, swaumu au Kwaresma, aseme kliniki wiki kadhaa kabla, asifunge kimya kimya huku anameza dawa za sukari.

Kuhusu hela, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana msamaha kwenye hospitali za serikali, ulizia dirisha la wazee na utaratibu wa kitambulisho. Sio dawa zote zitakuwepo siku zote lakini vipimo vya figo na potasiamu ukivipata hapo umepunguza mzigo mkubwa.

Binti wa Upareni:

Wakuu narudi na mrejesho. Tulienda asubuhi yake kama Tabibu alivyosema, dokta wa zamu alipoona ile 3.4 na karatasi akatuambia tukae, akamwita na mwenzake. Glibenclamide imeondolewa. Metformin imekuwa 500 asubuhi na jioni. Enalapril imetoka kabaki na losartan, ila wamempa ile isiyo na H. Presha akiwa amekaa 138 akisimama ikaenda 112, dokta akasema hapana hii. Amitriptyline anashusha taratibu kwanza nusu kidonge. Amlodipine wameishusha kuwa 5, na Lasix kasema haondoi leo mpaka aone kipimo cha moyo na mkojo kama una protini, hataki kubadilisha vitu vingi siku moja akashindwa kujua kipi kimefanya nini. Damu ya figo na potasiamu inarudiwa baada ya wiki mbili. Na kasema kuanzia sasa faili ni moja, la Moshi atawaandikia barua.

Sukari ya alfajiri sasa inacheza kwenye 6 mpaka 8 na jasho hakuna. Namshukuru Mungu na nyie.

Lakini kuna kitu sikukitarajia, mama hana raha. Anasema wamemnyima dawa sababu ni mzee, zamani alikuwa anatoka na mfuko umejaa sasa anatoka na vidonge vya kuhesabu. Na magoti yanamuuma kweli, jana nimemkuta kamtuma mjukuu stendi akanunue diclofenac. Mimi Jumapili narudi Dar.

mama_Kiluvya:

Mwanangu usimgombeze. Kwa watu wa rika letu dawa nyingi ndo kupendwa na hospitali, ukipunguziwa unahisi wamekukatia tamaa. Daktari mwenyewe amwambie kwa mdomo wake siku ya kurudi, kwamba mama tumekupunguzia kwa sababu tunataka ukae miaka mingi, na figo zako ndo tunazilinda. Neno hilo likitoka kwako ni la mtoto, likitoka kwa daktari ni dawa. Na kipimo cha sukari apime mwenyewe asubuhi aione namba, asipimwe kama mtoto.

Nesi_Zamu ya Usiku:

Na maumivu ya magoti yatibiwe kwelikweli, asiambiwe avumilie. Akivumilia atarudi stendi tu. Panadol za kawaida kwa saa, sio mpaka yaume, gramu 3 kwa siku zisizidi, yaani vidonge viwili vya 500 mara tatu. Ile diclofenac ya kupaka inaingia kidogo sana kwenye damu kuliko ya kumeza, ila kwa figo zake muulizeni daktari kwanza. Mazoezi ya kunyoosha goti akiwa amekaa kwenye kiti, fiziotherapia pale hospitali watamwonyesha, na fimbo ya kutembelea ya urefu unaomfaa.

Dispensa:

Kabla hujapanda basi Jumapili pita pale stendi. Mpe muuza duka nakala ya ile karatasi ya ukutani na namba yako ya simu, mwambie mama figo zake hazitaki diclofenac, wala ibuprofen, wala meloxicam, wala piroxicam, maana akinyimwa moja atapewa nyingine ya ukoo ule ule akidhani kambadilishia. Na zile za mchanganyiko pia, kuna vidonge vina diclofenac na paracetamol humo humo, jina la boksi halisemi, mpaka ugeuze nyuma usome.